Saa ya Dijitali Haimfundishi Mtoto Kusoma Saa

Kila mara mzazi huniuliza: mwanangu ana miaka mitano na namba anazijua, nimnunulie saa gani ya dijitali? Swali hili limenichosha, maana anayeuliza ameshaamua kuwa kusoma tarakimu ndiko kujua wakati. Sivyo hata kidogo.

Chukua 7:45. Mtoto anasoma "saba, arobaini na tano", nyumba nzima inampigia makofi. Hajajua kitu. Ili afikie jibu ambalo bibi yake angelitaja, saa mbili kasorobo, lazima atoe sita kwenye saba apate moja, akumbuke kwamba saa inayotajwa si hiyo moja bali inayofuata, kisha atoe 45 kwenye 60 na ajue kuwa 15 ni robo. Huyu bado anajumlisha kwa vidole! Usiku kioo kinaandika 19:45, naye sasa atoe kumi na nane. Na hakuna chochote kwenye kioo kile kinachomwonyesha kwamba saa mbili imekaribia.

Msiniambie watoto wa siku hizi wamezoea simu. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1946, alieleza jinsi watoto wadogo wanavyochanganya muda na umbali: vitu viwili vikianza na kusimama pamoja, mtoto husema kilichofika mbali ndicho kilichotumia muda mrefu. Kwa umri huo wakati ni mwendo. Mshale unasafiri, na njia unayoipita ndiyo muda wenyewe, mtoto anauona. Tarakimu hubadilika tu pale pale zilipo.

Sisemi kila saa ya mishale inafaa. Nyingi zinazouzwa kwa watoto zimejazwa picha za wanyama hadi namba hazionekani, na mishale yake ina rangi moja na urefu unaokaribiana. Tena saa moja asubuhi mshale mfupi unaelekea 7. Mtu mzima husoma namba ya upande wa pili bila kufikiri; mtoto hawezi. Wengine husogeza mishale mbele saa sita ili isome 1. Msifanye hivyo: mshale utaelekea kinyume na saa nyingine zote atakazokutana nazo. Badilisheni namba, mishale iacheni.

Nunua saa ya ukutani ya bei nafuu, yenye uso mweupe. Chomoa mshale wa sekunde na wa dakika, bakiza mfupi. Usihofu: kabla ya Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656, saa nyingi za Ulaya zilikuwa na mshale mmoja tu. Bandika namba kubwa: 1 palipo na 7, 2 palipo na 8, hivyo hivyo hadi 12 ikae chini na 6 juu. Itundike usawa wa macho ya mtoto. Mshale ukiwa katikati ya 1 na 2, ni saa moja na nusu. Ukikaribia 2, saa mbili inakuja. Akishazoea, rudisha mshale wa dakika, uupake rangi nyekundu, umfundishe kamili, robo, nusu na kasorobo kwa mahali unapoelekea, bila kuhesabu dakika.

Ya dijitali mnunulie atakapoweza kutoa 45 kwenye 60 bila kusaidiwa.