Je, Wajua? Ukoo wa Mbwa wa Kienyeji wa Ukambani

Yule mbwa wa rangi ya mchanga anayelala chini ya ghala la mahindi huko Mwingi au Wote, masikio wima, mkia umejikunja, hastahili dharau anayopewa. Kwa Kikamba huitwa ngiti. Cheti cha ukoo hana, lakini ukoo anao: mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa Misri, Uganda na Namibia, wakabaini kwamba wengi wa mbwa wa vijijini ni wazawa wa mbwa walioingia Afrika zamani sana.

Chakula chake ni makombo ya ugali na muthokoi. Fisi akinyemelea zizi la mbuzi usiku, yeye ndiye wa kwanza kubweka.

Adui wake mkubwa ni kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanzisha mpango wa kitaifa wa 2014 wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo 2030. Ili kuukata uambukizo, angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa, na kazi hiyo hurudiwa kila mwaka kwa sababu mbwa wa vijijini hufa mapema na watoto wapya huzaliwa bila kinga.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo.