Kulala njiani (sehemu ya pili): kitanda, moto na hewa

Juma lililopita tulitazama mahali pa kusimamisha kamio usiku. Leo tuingie ndani ya kamio lenyewe. Humo ndimo shofere na konvoyeri wake wanamolala sehemu kubwa ya mwaka, hasa kuanzia Septemba hadi Mei, mvua inapoikatakata barabara ya Mwenga na Kamituga na safari ya siku mbili ikala juma zima.

Ng'ambo, watu hulala garini kwa kujipumzisha. Wanakokota trela yenye kitanda, jiko, tangi la maji na taa, wanaiegesha msituni au kando ya ziwa. Aliyezipa trela hizo umaarufu mkubwa Marekani ni Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream mwaka 1931. Historia ya kampuni inasimulia kwamba ujanani alichunga kondoo huko Oregon, makao yake yakiwa kigari cha kukokotwa na punda: ndani mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, chakula, ndoo ya kunawia na tandiko la kulalia, basi. Mwaka 1959 Byam huyohuyo aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita hadi katika nchi yetu, enzi hizo ikiitwa Kongo ya Wabelgiji.

Namtaja kwa ajili ya vile vitu vinne vya kigarini. Kila anayelala njiani anavihitaji, awe mtalii aliyekuja kuona sokwe wa Kahuzi-Biega, awe shofere anayepandisha saruji kutoka Uvira. Ila mtalii akivikosa atalalamika na atasikilizwa, lakini shofere wetu akiviomba anaambiwa anapenda starehe. Jambo hili linaniudhi. Tajiri wa gari hununua gurudumu la akiba bila kuulizwa, kisha anamwacha mtu wake alale ameketi, magoti yakigusa usukani, na kesho yake mtu huyo anashusha tani za mzigo kwenye miteremko ya Ngomo. Breki nzima mikononi mwa mtu mwenye usingizi hazina faida. Godoro la shofere ni kifaa cha usalama, lihesabiwe pamoja na breki na matairi.

Tuanze na baridi. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Uvira iko kwenye mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, Bukavu kwenye 1,500, na Tshivanga, penye lango la mbuga ya Kahuzi-Biega, ni zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo aliyelala jana Uvira akitoa jasho chini ya chandarua, leo akikwama milimani atatetemeka, naye pengine ana shuka moja tu. Mizigo ya kulalia ipangwe kwa kuangalia mahali pa juu kabisa njiani, si mahali pa kuondokea.

Wengi hujifunika mablanketi mawili na bado wakaamka wamekakamaa. Baridi yao inatoka chini. Bati la kamio hupoteza joto upesi, na blanketi unalolilalia linabanwa na uzito wa mwili mpaka halibaki na hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisikimbie. Dawa yake ni rahisi: tandika makaratasi magumu ya katoni matabaka mawili au matatu, juu yake godoro la sponji, ndipo blanketi lifuate. Kichwa kielekee upande ulioinuka ikiwa gari limeegeshwa kwenye mwinuko, na vigogo vya kuzuia magurudumu viwekwe kabla mtu hajalala, hata kama breki ya mkono ni mpya.

Kuna pia maji yanayodondoka alfajiri kutoka kwenye dari ya kabini. Wengine hudhani gari linavuja. Ni pumzi zao wenyewe. Kila mtu hutoa mvuke anapopumua, mvuke ukigusa bati na vioo vya baridi unageuka matone, na matone yanalowesha blanketi. Acha kioo wazi kiasi cha upana wa kidole, pande zote mbili, ili hewa ipite. Ukiogopa mbu, tundika chandarua ndani.

Kioo hicho kinatupeleka kwenye jambo linalonifanya niandike haya: babula, yaani jiko la makala. Baridi ikizidi, konvoyeri huwasha makala nje, wakapika ugali na ndagala, na moshi ukiisha anaingiza babula ndani ya kabini ili wapate joto, kisha wanafunga milango. Wanaamini kwamba makala mekundu yasiyo na moshi hayana madhara. Si kweli. Makala yanayowaka polepole hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala kukohoza. Ikiingia mapafuni inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa hivyo inazunguka mwilini bila kubeba hewa. Kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu inalegea. Aliye macho huenda akafungua mlango. Aliyelala hapati onyo lolote.

Dalili hizo hufanana na uchovu au malaria, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tumieni kipimo hiki: ikiwa wote mliomo kabini mmeanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, msitafute vidonge. Fungueni milango, tokeni nje, kaeni kwenye upepo, na aliyezimia apelekwe haraka kituo cha afya penye oksijeni. Babula ikae nje usiku wote, na mbali na kioo kilichoachwa wazi. Injini nayo isiachwe ikinguruma ili kutafuta joto, hasa gari likiwa limezama topeni, maana bomba la moshi likizibwa moshi hurudi chini ya kabini. Joto la usiku litoke kwenye nguo kavu, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ikawekwa miguuni.

Wanaozunguka ziwa kupitia Kalehe na Minova kwenda Goma wana hatari nyingine tena, mazuku. Hii ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika eneo la volkano, hasa upande wa Sake na Goma. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku usio na upepo. Ile ya babula husambaa kabini nzima, lakini mazuku humkuta kwanza aliyelala chini: mtu aliyetandika mkeka chini ya kamio, mtoto, mbuzi. Ukiona ndege au wanyama wadogo wamekufa kwenye shimo, usishuke kuangalia. Waulize wenyeji kabla ya kuegesha, maana wanazijua sehemu hizo, na ulale palipoinuka.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa kuwa mashofere wanakijua kuliko mimi. Kumbukeni tu kwamba huku juu maji huchemka mapema: Bukavu ni karibu nyuzi 95, na Tshivanga ni karibu 93. Ndiyo sababu maharagwe yanakataa kuiva na makala yanakwisha. Yalowekwe tangu asubuhi, au yapikwe nyumbani. Kwanga hudumu siku kadhaa kwenye majani yake, na sambaza waliokaushwa hawahitaji moto mwingi.

Maji yana hesabu yake. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinaweka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Siku tatu za matope zikiingia, bidoni moja ya lita 20 kwa watu wawili haifiki hata nusu ya mahitaji. Ziwe angalau mbili: moja ya kunywa tu, iliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa, na nyingine ya kazi nyingine zote. Mkoa wetu unakijua kipindupindu vizuri mno, haifai mtu achote mtoni na kunywa hapohapo.

Mwisho ni umeme. Kamio nyingi zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa ziwe volti 24. Anayetaka taa au redio ya volti 12 hujishikiza kwenye betri moja tu, na hilo ndilo linaloziua. Betri ile moja inaisha, mwenzake inabaki imejaa, na zinapochajiwa pamoja moja inapata pungufu na nyingine inazidishiwa, mpaka zote zinaharibika na asubuhi gari haliwaki. Mwombeni fundi umeme afunge kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochota kwenye betri zote mbili kwa usawa. Au, bora zaidi, nunueni taa ndogo ya jua yenye betri yake, ishinde juu ya kabini mchana na iwake usiku bila kugusa umeme wa injini.

Juma lijalo: choo, kuoga, na jinsi ya kukausha nguo mvua inaponyesha siku tatu mfululizo.