Subira Mtumbwini Mabamba
Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, msafiri hupita kwa mtumbwi kati ya mafunjo. Kerengende na vipepeo humzunguka, lakini amtafutaye ni ndege mmoja mkubwa, mwenye domo pana kama kiatu, asimamaye bila kutikisika akivizia kamongo. Zamani wavuvi walimwua, wakiamini kwamba kumwona ni mkosi wa kukosa samaki. Mwaka 2006 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, na baadhi ya wavuvi sasa hupata riziki kwa kuwaongoza wapiga picha. Basi mwenye kamera asimsogelee mno. Ndege akikurupushwa, picha hupotea, na mawindo yake pia.