Upasuaji wa sikio: rubani hurejea lini angani?

Rubani aliyepungukiwa na usikivu anaweza kurudishiwa na daktari bingwa, lakini kusikia tena hakumaanishi kuruhusiwa kurusha ndege.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo nchi za Afrika Mashariki pia huzifuata, zinataka rubani wa ndege za abiria asiwe na upungufu unaozidi desibeli 35 katika sikio lolote kwa sauti za hezi 500, 1,000 na 2,000, wala desibeli 50 kwa hezi 3,000. Anayevuka kiwango hicho bado anaweza kupimwa kama anaelewa maneno katikati ya kelele zinazofanana na za chumba cha rubani.

Kipimo hicho huwafaa wenye otosklerosisi, maradhi ambayo mfupa huota isivyo kawaida na kukikaza kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Ajabu ni kwamba wengi wao huelewa mazungumzo vyema penye kelele kuliko penye utulivu.

Mwaka 1956, daktari John Shea wa Memphis, Marekani, alikiondoa kikuku cha mgonjwa na kuweka cha bandia. Siku hizi aghalabu hutobolewa tundu dogo tu katika unyayo wa mfupa huo, kikapitishwa kijiti chembamba kisichofikia milimita moja kwa unene. Wengi husikia vizuri baadaye.

Tatizo ni lile tundu. Linafungua sikio la ndani, ambalo pia hutunza mizani ya mwili. Angani, shinikizo la hewa ndani ya ndege ya abiria huweza kushuka hadi kulingana na la mwinuko wa mita 2,400 hivi, kisha hupanda ndege inapotua. Mrija unaounganisha sikio na koo usiposawazisha hewa, kijiti chaweza kusogea au majimaji yakavuja. Uziwi huonekana taratibu katika vipimo. Kizunguzungu hakibishi hodi, na chaweza kumkuta rubani akitua usiku.

Kwa hiyo husimamishwa kwanza, hadi ithibitike kwamba amepona, hana kizunguzungu na mrija huo unapitisha hewa. Muda hutofautiana baina ya mamlaka, na kwa mwenye kulipwa kwa saa za kuruka, huo ni mshahara wa familia. Ni busara amwone daktari wa usafiri wa anga kabla ya kukubali kisu: Marekani, kwa mfano, huruhusu baadhi ya marubani kuendelea na kazi wakiwa wamevaa kifaa cha kusaidia kusikia.