Mpira Ulikuwa Utomvu Kabla ya Kuwa Mti

Mti unaotoa sehemu kubwa kabisa ya mpira wa asili duniani, Hevea brasiliensis, huitwa mpira wa Pará, kwa jina la jimbo la Brazil ambako shehena za Amazon zilipakiwa melini. Manihot glaziovii nao huitwa mpira wa Ceará, jimbo jingine la nchi hiyohiyo. Majina haya yana alama ya mfanyabiashara aliyepokea mzigo bandarini. Mgema aliyechanja gome msituni hayumo. Jina letu, mpira, limekwenda njia nyingine, nami naona ni njia bora: limeshika kile kinachotoka kwenye mmea.

Ushahidi uko pwani yetu. Katika karne ya 19, mpira uliosafirishwa kutoka hapa uligemwa kwenye mimea ya mwituni inayotambaa juu ya miti, kama Landolphia kirkii, iliyopewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Kisha Wajerumani wakapanda Ceará maeneo ya Tanga na Muheza, na mti huo mgeni ukaitwa mpira vilevile. Kwa ukoo, Landolphia haihusiani kwa karibu na Ceará, ambayo ni ndugu wa muhogo. Kinachoziunganisha ni utomvu mweupe unaoganda na kuvutika, na ndicho mgema alichokihitaji.

Mtaalamu wa mimea atasema jina moja kwa mimea mingi ni hatari kwa mkulima, na hoja hiyo ina uzito. Atatoa mfano wa mwaka 1913, mashamba ya Ceará yalipoporomoka baada ya Hevea ya Asia, iliyotokana na mbegu alizozitoa Mwingereza Henry Wickham huko Amazon mwaka 1876, kujaa sokoni na kushusha bei. Lakini Wajerumani walijua vizuri walichopanda. Waliichagua Ceará kwa kuwa inastahimili ukame. Kilichowaangusha ni mavuno na bei. Na mti huo haukupotea: majani yake huliwa kama kisamvu cha mpira, na watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, waliuchanganya na muhogo kutafuta mbegu zinazohimili batobato, ugonjwa wa muhogo.

Kwa hiyo neno mpira lisitupwe, liongezewe tu. Maafisa ugani na waandishi wa vitabu vya shule waandike mpira wa Pará, mpira wa Ceará, mpira wa mwituni, ili anayenunua miche ajue anapanda nini.