Kinga Iliyofunguliwa Pingu: Dawa Mpya za Saratani na Mgonjwa wa Kitengela

Mgonjwa wa saratani atokaye Kitengela aghalabu hupanda matatu kabla ya alfajiri, aifuate barabara ya Namanga hadi Nairobi kwenye mabingwa wa maradhi hayo; na miongoni mwa dawa ambazo tabibu aweza kumtajia huko imo pembrolizumabu, ambayo kazi yake ni ghairi ya tibakemikali, kwa kuwa yenyewe haiuvamii uvimbe, bali huipa kinga ya mwili ruhusa ya kuuvamia.

Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T zina kipokezi, PD-1, ambacho kikishikwa huzituliza zisije zikadhuru viungo vyetu wenyewe. Saratani nyingine hukishika kwa hila, kama mwizi wa mifugo aliyejifunza mbinja ya mwenye boma hata mbwa wakamnyamazia. Dawa hukiziba kipokezi hicho, na seli zikarejea vitani. Waliofungua njia hii, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walitunukiwa Nobel mwaka 2018.

Dawa hii hainufaishi kila mtu, ndiyo maana maabara hupima kwanza kipande cha uvimbe. Lakini wako waliokatiwa tamaa ambao imewaongezea miaka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipanulia nafasi katika orodha ya dawa za lazima, ikaingia kwa saratani za mlango wa kizazi na za mapafu zilizokwisha kuenea. Kuwa dawa ya lazima na bado ikabaki nje ya uwezo wa jamaa wengi ni jambo lisilostahimilika.

Dripu yenyewe huchukua kama nusu saa, kila baada ya wiki 3 au 6. Hatari huja mgonjwa akiwa nyumbani. Kinga iliyofunguliwa yaweza kuushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, hata miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Na muuzaji wa duka la dawa, aonapo kuhara, aweza kudhani ni ameba au taifodi. Tiba ya shambulio hilo la kinga ni kuituliza, aghalabu kwa stiroidi, na ikicheleweshwa mgonjwa aweza kufa. Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii, mwandikie jina la dawa yake kwenye karatasi, aichukue kila aendako, na akihara au akikosa pumzi mpigie tabibu wake siku hiyo hiyo.