Kikomo cha Kuchelewa: Utangulizi

Kuna fani inayouliza swali moja bila kuchoka: mambo yakienda vibaya kadiri yanavyoweza kwenda, ujumbe huu utachelewa kwa muda gani? Hatuulizi kuhusu siku ya kawaida wala kuhusu wastani. Kiwandani, kidhibiti kinachoendesha mikono ya roboti kinaweza kutuma amri mpya kila milisekunde 1, na amri inayofika baada ya zamu yake haina kazi tena, kwani mkono umeshasogea kwa kufuata amri ya zamani. Mtandao unaofikisha ujumbe kwa wastani wa maikrosekunde 50, lakini mara moja kwa wiki ukachukua milisekunde 3, haufai kwa kazi hiyo hata takwimu zake zikipendeza namna gani.

Ajabu ni kwamba kazi hii siku hizi hukabidhiwa Etheneti, ambayo hapo mwanzo haikuahidi chochote kuhusu muda. Ilipobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, kompyuta zote zilitumia waya mmoja. Mbili zikituma kwa pamoja, ujumbe uligongana. Kila moja ikasubiri muda wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Penye kubahatisha hapana kikomo. Baadaye zikaja swichi, kila kifaa kikapata waya wake wenye njia ya kwenda na ya kurudi, na migongano ikaisha. Kusubiri hakukuisha, kulihamia kwenye foleni zilizomo ndani ya swichi. Tofauti ni kwamba foleni inahesabika.

Tuhesabu moja. Chukua swichi ya megabiti 100 kwa sekunde. Data husafiri kwa vifurushi viitwavyo fremu, na fremu kubwa ya kawaida ina baiti 1,518. Ongeza baiti 8 zinazoitangulia na nafasi ya baiti 12 inayoachwa kati ya fremu na fremu, unapata baiti 1,538, yaani biti 12,304, na kuzipitisha kunachukua maikrosekunde 123.04. Fremu ndogo kabisa, ya baiti 64, kwa hesabu hiyo hiyo huchukua 6.72. Sasa tuseme fremu ndogo ya tahadhari, yenye kipaumbele cha juu, imefika mara tu fremu kubwa ya picha za kamera ilipoanza kutoka. Kipaumbele hakiisaidii. Fremu iliyokwisha kuanza haikatizwi, kama vile gari la wagonjwa lisivyoweza kulipita lori lililokwisha kuingia kwenye daraja jembamba. Inasubiri 123.04. Vifaa vingine tisa vyenye kipaumbele kile kile navyo vimetuma fremu ndogo moja moja kwa wakati ule ule, zikatangulia: 60.48. Kisha yenyewe itoke: 6.72. Jumla ni maikrosekunde 190.24, kabla ya kuhesabu urefu wa nyaya na muda wa kazi za ndani za swichi.

Njia ikiwa na swichi tano, mtu atazidisha kwa tano apate 951, aone milisekunde 1 imekaribia kujaa. Lakini tazama vizuri. Zile fremu tisa, kama zinafuata njia ile ile, zimeshajipanga mstari kwenye swichi ya kwanza. Haziwezi kutuchelewesha upya kwa mkupuo mzima kwenye kila swichi. Fremu kubwa ya kamera inaweza kutuzuia mara tano, na fremu yetu yenyewe hutoka mara tano, ila mkupuo wa wenzetu tunaulipia mara moja tu. Kwa hesabu hiyo kikomo kinashuka hadi maikrosekunde 709 hivi. Mtandao ni ule ule na nyaya ni zile zile. Kilichobadilika ni fikra, na tumepata maikrosekunde 240 za ziada. Mimi huona hapa ndipo uzuri wa fani hii ulipo.

Wengi huuliza kwa nini tusipime tu. Kwa sababu tukio baya kuliko yote linahitaji fremu kubwa na vifaa vyote kumi vikutane kwa namna moja mahususi kwenye swichi zote tano. Unaweza kupima mwezi mzima usilione, nalo likatokea kiwanda kikiwa na miaka mitatu.

Kinachohitajika ni uthibitisho, na njia yake ilifunguliwa na Rene Cruz mwaka 1991. Chora mstari mmoja unaoonyesha wingi wa data unaoweza kuja katika muda wowote, na wa pili unaoonyesha huduma ya chini kabisa ambayo swichi itaitoa. Umbali wa mlalo kati ya mistari hiyo, pale unapokuwa mkubwa kabisa, ndio kikomo cha kuchelewa. Jean-Yves Le Boudec na Patrick Thiran waliikusanya nadharia hiyo kitabuni mwaka 2001. Ndege ya Airbus A380, iliyoruka mara ya kwanza Toulouse mwezi Aprili 2005, ina mtandao wa Etheneti ambamo kila mtiririko wa data umepangiwa ukubwa wa fremu na nafasi kati ya fremu, kuanzia milisekunde 1 hadi 128. Vikomo vyake vilithibitishwa kwa hesabu za aina hii.

Kikomo lazima kiwe salama kwanza, kisha kiwe karibu na ukweli. Kikizidi mno, utanunua vifaa usivyovihitaji; kikipungua hata kidogo, si kikomo. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mbinu moja iliyosifiwa kwa kutoa vikomo vya karibu ilitoa, katika hali fulani, namba zilizo chini ya ucheleweshaji unaoweza kutokea kweli.

Viwango vipya vya Etheneti vimeleta saa zinazolingana ndani ya maikrosekunde 1, milango inayofungua foleni kwa ratiba, na ruhusa ya kuikatiza fremu kubwa katikati, hata zile maikrosekunde 123 za kusubiri zikashuka hadi 12 hivi. Hayo utayakuta mbele.

Bado kuna mafundo. Mitiririko ikitegemeana kwa kuzunguka, wa kwanza ukiuchelewesha wa pili, wa pili wa tatu, na wa tatu ukarudi kuuchelewesha wa kwanza, hesabu ya hatua kwa hatua haina pa kuanzia. Imethibitishwa kwamba foleni za aliyetangulia ahudumiwe kwanza zinaweza kukua bila mwisho katika mitandao ya namna hiyo, hata mzigo ukiwa mdogo sana. Kwa mtandao wa umbo la pete, unaopendwa viwandani, hatari hiyo haipo ilimradi hakuna waya uliolemewa. Kwa maumbo mengine lazima kila moja lichunguzwe lenyewe.

Sura ya kwanza inaanza na swichi moja na mitiririko miwili. Unachohitaji ni grafu za mstari ulionyooka za sekondari, na penseli.